Kipa namba mbili: ufundi wa kukaa tayari

Aprili 16, 2023, kikosi cha Simba cha kuwavaa Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa kilipotoka, jina lililozua maswali lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha. Golini alipangwa Ally Salim. Aishi Manula, kipa namba moja wa klabu na wa Taifa Stars, alikuwa majeruhi. Beno Kakolanya, aliyekuwa akimfuatia, naye hakuwemo. Kazi ya kulinda lango katika mechi kubwa kuliko zote nchini ikamwangukia kijana aliyelelewa kwenye timu ya vijana ya klabu hiyo, ambaye mashabiki walizoea kumwona akipasha misuli tu kabla ya mechi za wenzake.

Mpira ulipokwisha, Simba ilikuwa imeshinda 2-0 kwa mabao ya Henock Inonga na Kibu Denis, na Ally Salim hakuwa ameokota mpira wavuni hata mara moja. Aprili 22 akasimama tena golini dhidi ya Wydad Casablanca, mabingwa watetezi wa Afrika, Simba ikashinda 1-0 kwa bao la Jean Baleke. Aprili 28 akadaka Casablanca, mbele ya umati wa Wamorocco, mechi ambayo Simba ilifungwa bao moja na kutolewa kwa penalti 4-3. Agosti 13 mwaka huohuo, kwenye Uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, Ngao ya Jamii kati ya Simba na Yanga ilifika kwenye matuta baada ya sare ya bila kufungana. Ally Salim alipangua penalti tatu, Simba ikabeba ngao kwa 3-1.

Wiki zile magazeti na redio zilimwita shujaa, na alistahili. Lakini hakuna kipa anayeshuka na uwezo wa namna hiyo siku ya mechi. Ule utulivu wa Casablanca na ile mikono ya Tanga vilijengwa katika miaka ambayo hakuna aliyemtazama, asubuhi baada ya asubuhi, mazoezi yaleyale ya kipa wa kwanza, bila mechi mwisho wa wiki. Miaka hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kipa wa akiba, na ndiyo soka letu halijajifunza kuilea.

DAKIKA 2,700 ZA MTU MWINGINE

Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16. Kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu, sawa na dakika 2,700 ukiacha za nyongeza. Winga wa akiba ana uhakika wa kupata mgawo wake humo. Kocha anaruhusiwa kubadili wachezaji 5 kwa mechi, ratiba inabana, miguu inachoka, kadi zinatoka. Anayeanzia benchi Jumamosi huenda akacheza nusu saa, na mechi ijayo akaanza.

Kipa wa akiba hana mgawo huo. Hakuna kocha anayemtoa kipa dakika ya 70 ili kuongeza kasi. Ili namba mbili aingie, lazima jambo baya limpate mwenzake: aumie, augue, alimwe kadi nyekundu, au kiwango kishuke hadi kocha apoteze imani naye. Akimwombea mwenzake heri, anajiombea benchi. Ni mtihani wa moyo ambao beki na kiungo hawaujui, na makipa wengi wa akiba wanaufaulu kila siku bila kupongezwa na yeyote.

Ukitaka kuuona mtihani huo kwa macho, wahi uwanjani. Watu wa kwanza kuingia kupasha ni makipa pamoja na kocha wao. Tazama namba mbili anavyofanya kazi. Anaanza na mipira ya kurusha kwa mikono, kifuani, kisha ya chini kushoto, ya chini kulia. Anarudi nyuma hadi ukingo wa boksi, anapiga mashuti ya kiasi: yenye nguvu ya kumwamsha mwenzake, yasiyo na nguvu ya kumvunja kidole. Anakwenda pembeni, anamwaga krosi, moja ya kuingia ndani, moja ya kutoka nje. Mwishoni kabisa anampa mipira miwili mitatu rahisi, inayotua moja kwa moja mikononi, ili mwenzake aingie vyumbani akiwa na mguso mzuri wa mwisho. Baada ya hapo anaokota mipira, anavaa kizibao, anakwenda kukaa.

Hata pale kwenye benchi hajapumzika. Anasoma upepo, anaangalia jua litakuwa upande gani kipindi cha pili, anamkariri mshambuliaji wa wapinzani anayependa kufungua mguu wa kushoto. Mapumziko ndiye wa kwanza kumnong’oneza kipa wa kwanza: kona zao wanazilenga mwamba wa mbali, toka mapema. Akifanya hayo vizuri, timu inashinda na jina lake halitajwi popote. Kwenye takwimu za msimu anabaki na sifuri.

KUTOKA SOGA

Maisha haya huanzia mbali na Uwanja wa Mkapa. Chukua Soga, upande wa Kibaha unaoelekea Kisarawe. Wakazi wengi wa Dar es Salaam walilisikia jina hilo upya Juni 14, 2024, treni za SGR zilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro, maana Soga ndiyo stesheni inayofuata baada ya Pugu, kabla ya kufika Ruvu. Kwa wenyeji, reli si jambo geni. Ile ya zamani, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, imekatiza nchi hii kwa zaidi ya karne.

Kisoka huu ni ukanda wa Ruvu Shooting, timu ya jeshi ambayo kwa miaka mingi nyumbani kwake palikuwa Uwanja wa Mabatini, Mlandizi, na ambayo ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23. Vijana wa vijiji vya Kibaha walikuwa na Ligi Kuu mlangoni mwao. Waliweza kumtazama kipa wa kulipwa kwa karibu, wakasikia anavyowapigia kelele mabeki wake, jambo ambalo televisheni haiwezi kukufundisha.

Kwenye viwanja vya mchangani vya ukanda huu, kama ilivyo pwani yote, eneo la mbele ya goli halina nyasi. Limechimbika kwa visigino vya makipa wa miaka na miaka, na mvua ikinyesha ndipo maji yanapotuama. Kipa anayejifunzia hapo anajua kwamba mpira wa chini unaweza kugonga ukingo wa shimo na kuruka hadi usoni, kwa hiyo anaweka goti nyuma ya mikono na kifua nyuma ya goti. Huo ni ufundi halali, na umewaokoa wengi walipokuja kudaka kwenye viwanja vya mikoani ambavyo nyasi zake ni za kuhesabu.

Timu nyingi za mchangani zina jozi moja ya glavu. Anayezivaa ni yule anayeanza. Mwenzake anasimama nyuma ya goli, mahali ambapo nyavu hazipo, anafukuzia mipira inayopotelea vichakani na kuirudisha haraka kabla hasira za wachezaji hazijapanda. Mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, au aliyewekwa golini kwa sababu hana mbio, au aliyekuja bila daluga. Hakuna anayemweleza kwamba kusimama pale ni shule. Lakini kutoka nyuma ya goli anaona mchezo kwa pembe ileile anayoiona kipa: anaona mpigaji anavyoinamisha bega, anaona beki anavyomfunika kipa asiuone mpira, anajifunza ni krosi ipi ya kuifuata na ipi ya kuiacha.

Tena huku mchangani kipa wa pili ana nafasi ambayo mwenzake wa Ligi Kuu hana. Timu ya kitongoji cha pili ikikosa kipa, anaazimwa. Leo anadaka hapa, kesho ng’ambo ya reli, wiki ijayo kwenye bonanza la shule. Hakuna karatasi, hakuna mkataba, na kijana anapata mechi. Watu wa vijijini walishalitatua zamani tatizo ambalo klabu zetu kubwa zinashindwa nalo hadi leo: kipa asiyecheza hawezi kukua, kwa hiyo mpeleke anakohitajika.

WENYE MCHEZO MWINGINE WANAVYOFANYA

Wamarekani wana mchezaji anayefanana sana na kipa wetu wa akiba, naye yumo kwenye besiboli. Katika mchezo huo kuna mrushaji anayetupa mpira mdogo mgumu kwa kasi inayoweza kuvuka kilomita 150 kwa saa, na kuna mpigaji mwenye gongo anayejaribu kuugonga. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, amevaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua na ya miguu. Kazi yake ni kuudaka kila mpira usiogongwa, karibu mara 100 kwa mechi, huku akimwelekeza mrushaji kwa ishara atupe mpira wa namna gani na wapi.

Ligi kuu yao ina mechi 162 kwa msimu kwa kila timu. Hakuna magoti yanayoweza kuchuchumaa mechi 162. Kwa sababu hiyo kila timu inabeba mdakaji wa pili, na huyo hapewi nafasi kwa huruma wala kwa ajali. Ratiba yenyewe inamtengea mechi zake. Siku fulani za wiki zinajulikana ni zake. Pengine mrushaji mmoja maalumu anaelewana naye zaidi, basi kila mrushaji huyo akipangwa, mdakaji wa akiba anaanza.

David Ross aliishi hivyo kwa miaka 15, kuanzia 2002 hadi 2016, akihama timu baada ya timu, sehemu kubwa ya muda huo akiwa wa akiba. Mwaka wake wa mwisho alikuwa Chicago Cubs, ambako kazi yake hasa ilikuwa kumdakia mrushaji Jon Lester. Novemba 2, 2016, katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali mjini Cleveland, Ross aliingia akitokea benchi, akiwa na umri wa miaka 39, akaupiga mpira ukavuka uzio. Cubs wakatwaa ubingwa waliousubiri tangu 1908. Hiyo ikawa mechi yake ya mwisho, na mwaka 2019 klabu hiyohiyo ikamteua awe kocha mkuu wake. Bruce Bochy naye alikuwa mdakaji wa akiba katika miaka ya 1970 na 1980. Alipogeuka kocha alitwaa ubingwa mara nne: tatu akiwa na San Francisco mwaka 2010, 2012 na 2014, na wa nne akiwa na Texas mwaka 2023.

Si ajabu watu wa namna hii wakawa makocha. Aliyekaa miaka 10 akisoma mechi kutoka pembeni, akijiandaa kila siku kana kwamba anacheza, akiwahudumia wenzake bila kinyongo, tayari amefanya nusu ya mafunzo ya ukocha. Klabu za kule zinajua hivyo na zinawalipa kwa kujua hivyo.

Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018. Uganda wametangulia zaidi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Pennsylvania, na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini mkataba na Los Angeles Dodgers. Mdakaji wao anayejulikana zaidi ni Dennis Kasumba, ambaye video zake akifanya mazoezi kwa matairi na vifaa vya kujitengenezea zilizunguka dunia, hadi mwaka 2023 akapata nafasi katika timu ya Frederick Keys ya Maryland. Hakuwa na ligi kubwa nyumbani, wala uwanja wa maana, wala mtu wa kumwahidi kwamba siku itafika. Alijiandaa hivyohivyo. Kipa yeyote wa akiba nchini mwetu anayaelewa mazoezi yale bila kutafsiriwa.

KOSA MOJA, HUKUMU YA MWAKA

Mshambuliaji akikosa mabao manne na kufunga la tano, kesho anabebwa juu. Kipa akiokoa mipira minne na kuutema wa tano, kesho anatukanwa. Kwa kipa wa akiba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hana mechi ijayo ya kusafisha jina. Ameingia mara moja katika miezi mitatu, mikono bado haijapata joto la mechi, mabeki hawajazoea sauti yake, na kosa lake linakaa kwenye simu za watu hadi atakapopangwa tena, huenda msimu mwingine.

Kwetu kuna ugonjwa wa ziada. Kipa akifungwa bao la kizembe, hatusemi amekosea. Tunasema ameuza mechi. Neno hilo linatoka vinywani mwa watu wazima, kwenye vibanda vya kahawa, kwenye redio, kwenye mitandao, bila ushahidi wowote, na linamfuata mtu hadi nyumbani kwa wazazi wake. Wapo makipa waliopoteza raha ya kazi kwa sababu ya mpira mmoja ulioteleza kwenye nyasi zilizolowa. Kama kuna mwenye ushahidi wa rushwa, aupeleke kunakohusika. Asiye nao anyamaze, maana anaua kipaji cha mtu aliyefanya kosa ambalo hata makipa bora wa dunia wanalifanya.

Ukweli wa kitaalamu ni rahisi. Kipa anahitaji mechi ili macho yake yapime umbali na miguu yake iamue kutoka au kubaki. Mazoezi yanajenga mikono; mechi ndiyo inayojenga maamuzi. Ukimfungia mtu mazoezini miezi 8 kisha ukamtupa kwenye mechi ya watani, ukimlaumu kwa kusitasita kwenye krosi unamlaumu kwa njaa uliyomshindisha wewe mwenyewe.

NAMBA MOJA NAYE HUHAMA

Ingekuwa vizuri pia tukakumbuka kwamba namba haina mwenyewe wa kudumu. Mtazame Manula. Alitoka Azam kwenda Simba mwaka 2017, akawa mlinda mlango wa nchi kwa miaka. Aliporejea kutoka kwenye majeraha, Novemba 5, 2023, alikuwa golini siku Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Januari 2024 alikuwa na Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, ambako tulitoka sare ya 1-1 na Zambia na sare ya bila kufungana na DR Congo. Hata hivyo, klabuni nafasi ilikuwa imeshaanza kuponyoka. Alikuja Mmorocco Ayoub Lakred, na Lakred alipoumia kabla ya msimu wa 2024/25 akaletwa Moussa Camara kutoka Guinea, aliyeingia kuziba pengo na papo hapo akalifanya lango lake. Mwaka 2025 Manula akarudi Azam. Katika muda wa miaka miwili tu, kipa bora wa kizazi chake alionja maisha ambayo Ally Salim aliyaishi kwa miaka akiwa nyuma yake.

Yanga nako ni hivyohivyo. Djigui Diarra wa Mali alipofika mwaka 2021 alifunga mlango. Abutwalib Mshery, aliyetoka Mtibwa Sugar Januari 2022, alikuta mbele yake kipa wa taifa la Mali, mtu ambaye mwaka 2023 angefika naye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ukiwa kijana wa Kitanzania unayejua kudaka, klabu mbili kubwa zina makipa wa kigeni, na kila nafasi unayoikuta ni ya kusubiri mtu aumie. Sipingi wageni. Diarra na Camara wameinua kiwango cha ligi na wamewafundisha wengi. Ila idadi ya wanaosubiri imeongezeka, na hatujapanga lolote kwa ajili yao.

Juma Kaseja alionyesha kwamba kusubiri si kufa. Mwaka 2003, akiwa kijana mdogo, alikuwa golini Cairo siku Simba ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti. Miaka 16 baadaye wengi walishamwandika mstaafu. Hakwenda Misri kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 2019. Alikuwa KMC, akidaka mechi za kawaida mbele ya mashabiki wachache. Baada ya fainali zile kocha Etienne Ndayiragije akamrudisha Taifa Stars, na Agosti 4, 2019, Kasarani, Nairobi, baada ya sare mbili za bila kufungana na Kenya za kuwania kufuzu CHAN, Kaseja akiwa na umri wa miaka 34 aliisaidia Tanzania kushinda kwa penalti 4-1. Aliweza kwa sababu alikuwa akicheza. KMC ilimpa mechi, na mechi zile ndizo zilizomweka tayari taifa lilipomwita.

Dunia nayo ina mfano wake mkubwa. Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia, kipa wa Argentina Nery Pumpido alivunjika mguu katika mechi ya pili. Akaingia Sergio Goycochea, aliyekwenda kule akijua yeye ni wa akiba. Akapangua penalti dhidi ya Yugoslavia kwenye robo fainali, akapangua dhidi ya Italia wenyeji kwenye nusu fainali, Argentina ikafika fainali. Shirikisho la soka la dunia linalazimisha kila timu kwenda na makipa watatu kwenye Kombe la Dunia kwa sababu linaelewa jambo ambalo sisi tunalikumbuka siku ya majeraha tu.

LA KUFANYA

Jambo la kwanza ni mechi. Klabu kubwa za Ulaya zimejiwekea desturi kwamba kombe la ndani ni la kipa wa pili. Liverpool walimwachia Caoimhin Kelleher fainali ya Kombe la Ligi Februari 2022, na hawakumtoa hata ilipofika kwenye penalti dhidi ya Chelsea. Wakashinda 11-10, mpigaji wao wa mwisho akiwa Kelleher mwenyewe. Nasi tuna Kombe la Shirikisho la TFF, tuna Kombe la Mapinduzi kila Januari Zanzibar. Klabu itangaze mapema kwamba mechi hizo ni za namba mbili, asiondolewe hata wapinzani wakiwa wakubwa. Ikifungwa, ifungwe ikiwa imenunua uzoefu.

La pili ni mkopo. Kipa wa tatu wa Simba, Yanga au Azam, mwenye umri wa miaka 20, hana sababu ya kumaliza msimu mzima akiokota mipira ya mazoezi ilhali timu za Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, zinahangaika kupata kipa. Apelekwe, adake mechi 25, afungwe, ajifunze, arudi. Mchangani wanafanya hivi kila wikiendi bila barua.

La tatu ni malipo na heshima. Mkataba wa kipa wa akiba usitegemee posho za ushindi kwa wanaocheza peke yao, kwa maana ushindi huo aliupasha misuli yeye. Na mtu aliyeitumikia klabu miaka 8 kwenye benchi afikiriwe kwanza klabu inapotafuta kocha wa makipa wa timu ya vijana. Kaseja leo ni kocha. Wapo wengine wengi wenye elimu hiyo vichwani, wasio na jina lake, ambao wamerudi mitaani kuuza vifaa vya simu.

La nne linaanzia kwenye wilaya. Kibaha na Kisarawe zina viwanja, zina shule, zina vijana warefu wenye mikono mizuri. Zinachokosa ni mtu wa kuwafundisha kudaka. Makocha wengi wa timu za vijana hucheza na mabeki na washambuliaji kwa saa nzima, huku makipa wawili wakiambiwa wakapigiane mipira pembeni. Chama cha soka cha wilaya kikiandaa kozi fupi ya makocha wa makipa mara moja kwa mwaka, na kila timu ikahakikisha ina jozi ya pili ya glavu, yule kijana wa nyuma ya goli huko Soga atakuwa ameingia rasmi kwenye mpira wa nchi hii. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kamati.

Viongozi wa klabu hukutana kila mwisho wa msimu kupanga usajili, na majina ya washambuliaji hutangulia. Safari hii waanze na swali jingine: kipa wetu wa pili atacheza mechi ngapi msimu ujao, na atazichezea wapi? Klabu inayoweza kulijibu kwa tarehe na majina ya mechi ina makipa wawili. Isiyoweza, ina kipa mmoja na mtu aliyevaa jezi yenye rangi tofauti, na siku namba moja atakapoanguka na kushika goti, isimlaumu huyo anayeinuka kwenye benchi.